Aliyemwambukiza Mume Wangu

Watu husema wivu hauna faida. Uongo! Mwaka ule wa Mtu ni Afya, redio inatuhimiza kutwa kucha tuchimbe vyoo na kuchemsha maji, nusu ya mtaa wetu wa Isevya ilishikwa na tumbo la kutapika na kuhara, na mimi Kuluthumu sikuguswa. Si kwamba nilikuwa msafi kuliko wenzangu. Nilikuwa nimenuna. Nilikuwa nakula peke yangu jikoni, mume nimempa mgongo, na ugonjwa haukupata njia ya kunifikia.

Nilikuwa nimenuna kwa sababu ya Tatu.

Tatu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mzaramo, aliletwa Tabora na mumewe aliyekuwa anafanya kazi reli, mume akafa, yeye akabaki hapa anauza vitumbua. Mume wangu Mabruki ni Mnyamwezi. Kama unayajua mambo ya utani, basi hapo umeshanielewa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wanapokeana pwani na mizigo begani. Mtani wako anakutukana, unacheka. Anakukamatia kuku wako uani, unacheka. Na mimi baba yangu alikuwa Mmanyema, utani wao haunihusu, kwa hiyo sina hata la kumjibu. Kazi yangu ni kusimama pale nitoe meno.

"Hodi! Mume wangu yupo?" Ndivyo anavyobisha. Mume wake! Mlangoni kwangu! "Mwambieni mke wake wa pwani kamletea vitumbua, maana huku bara mmemkondesha."

Na Mabruki, badala ya kujikohoza kama mtu mzima, anacheka mpaka kofia inamdondoka. Nikimsema, ananijibu, "Kulu, huo utani tu." Utani, utani! Mimi nilikuwa nataka kujua jambo moja tu chini ya jua: huyu mwanamume ni wangu au si wangu? Tulikuwa tumekaa miaka mingi, mtoto Mungu hajatujalia. Wenzangu wakigombana na waume zao wanashika watoto wao. Mimi nilikuwa nimshike nani? Nilikuwa na Mabruki tu, basi.

Sasa sikiliza kilichotokea. Alifariki ami yake Mabruki, mzee Nassibu wa Itetemia, Mungu amrehemu. Akazikwa Ijumaa. Mabruki alikuwa ndiyo kwanza amerudi jana yake na treni kutoka Usoke. Yeye ni seremala, na kijiji kimoja cha ujamaa kule kilikuwa kimempa kazi ya kuezeka mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku. Kazi ile haikuwa na mwisho. Kila mwezi anakwenda, analala huko, anarudi ananuka moshi. Sikuwa na neno. Usoke kuna nini cha kumtia mtu wivu? Macho yangu yote yalikuwa kwenye ukuta wa jirani.

Baada ya maziko, watu wameketi kwenye majamvi wanakula, wanaume upande wao, wanawake upande wetu, mara anatokea Tatu. Amevaa kanzu ya marehemu. Kofia ya marehemu. Fimbo mkononi, anachechemea vilevile alivyokuwa akichechemea mzee. "Nani kawaruhusu kula wali wangu? Nimekufa nusu tu!" Watu walicheka hata wafiwa wenyewe wakashika mbavu. Ndiyo ada ya mtani msibani, na hakuna wa kumzuia. Akaingia mpaka kwenye jamvi la wanaume. Mabruki alikuwa ameshafinyanga tonge la wali na mchuzi, analipeleka kinywani. Tatu akamdaka kifundo cha mkono, akaugeuza ule mkono, akalila lile tonge. Halafu akalamba vidole. Si vyake, vya mume wangu!

Yarabi! Nilisimama na bakuli la mchuzi mkononi. Watu wote wanacheka, na Mabruki ndiye anayecheka kuwapita. Nikaliweka bakuli chini, nikajitanda khanga yangu, nikarudi mjini kwa miguu bila kumuaga mtu.

Kesho yake asubuhi Mabruki akaanza. Alitapika uani, akatapika mlangoni, akawa anakimbilia chooni ameshika msuli kwa mkono mmoja. Kufika saa nne alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo mikavu, hana hata nguvu ya kufukuza inzi. Mimi niliposema nimenuna sikusema nataka afe. Nikamwita Marcelina.

Marcelina alikuwa nesi wa zahanati, Mkatoliki, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya. Ndiye aliyekuwa akituongoza kwenye kikundi chetu cha kusikiliza redio. Akamtazama Mabruki macho, akamtazama ulimi, akamfinya ngozi ya mkono.

"Sindano nimchome?" nikamuuliza. Wakati ule sote tuliamini sindano.

"Sindano ya nini, dada Kulu? Hiki ni kijidudu cha tumbo, hakina sindano wala kidonge. Kitakaa naye siku mbili tatu kitaondoka chenyewe. Kinachoua si kijidudu, ni kukaukiwa maji. Chemsha maji, yapoe, tia sukari na chumvi kidogo, ukionja yasizidi chumvi ya machozi. Mpe kijiko kimoja kimoja. Akitapika, ngoja kidogo, anza tena. Usimpe kikombe akabugia, kitarudi chote."

Akanifundisha matapishi niyafukie kwa majivu, nguo zake nizifue peke yake kwa maji ya moto nizianike juani, na kila nikitoka kumshika ninawe kwa sabuni kabla sijagusa chungu. Nikamwambia habari za matanga, jinsi watu wote walivyonawa kwenye beseni moja kama ilivyo desturi, beseni linapita kutoka kwa mzee wa kwanza mpaka wa mwisho. Akashika kichwa.

"Beseni moja! Basi hapo mmenawishana ugonjwa. Maji yamiminwe, dada. Yamiminwe juu ya mikono yaende zake. Mtu akishaugua hiki, mikono yake ndiyo inayokisafirisha." Akamgeukia Mabruki. "Shemeji, hakikuanguka kutoka mbinguni. Kuna mtu kakupa, kabla ya siku ya maziko. Huko Usoke ulikula na nani?"

Mabruki akageukia ukutani. "Na nani! Nalala banini peke yangu, najipikia ugali wangu."

"Hukukaa na mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa Usoke."

Usoke alikula peke yake. Mimi mkewe, mzima. Basi nani kampa? Tena nikakumbuka kwamba Alhamisi ile aliporudi alipitia kwa Tatu kumrekebishia mlango wa jiko, akakaa huko mpaka jua likazama.

Jumapili vitumbua havikuonekana mtaani. "Tatu anaumwa," wakaniambia wanawake bombani. "Anatapika na kuhara."

Loo! Kumbe! Wanaumwa pamoja, ugonjwa mmoja, kama watu waliolala kitanda kimoja! Na mimi niliyefunga naye ndoa mbele ya shehe, mimi ninayemfulia misuli yake, sina hata kichefuchefu. Utacheka, lakini nakwambia kweli, niliuonea wivu ule ugonjwa. Hata ugonjwa wake kaenda kugawana na mwingine.

Nikajifunga khanga kiunoni, nikaingia kwa Tatu bila hodi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote njiani, ingawa njia yenyewe ni hatua chache.

Nilimkuta chini, sakafuni, shavu limelalia udongo, ndoo imepinduka pembeni yake. Harufu ilinisukuma nje. Nikarudi nje, nikavuta pumzi, nikaingia tena. Hakuwa na mtu. Ungemtukanaje mtu wa hivyo? Lakini nilimtukana. Nilimwinua nikamtukana, nikamvua nguo nikamtukana, nikamwogesha, nikamvisha khanga safi, nikamwaga majivu sakafuni, na muda wote huo ulimi wangu haukupumzika. Kisha nikanawa kwa sabuni, nikamlaza kichwa mapajani mwangu, nikaanza kumpa yale maji kwa kijiko.

"Tangu lini, wewe Tatu? Niambie leo. Tangu lini na mume wangu?"

Akafumbua jicho moja. "Kulu, una wazimu? Ningekuwa na mumeo ningepiga kelele mlangoni kwako? Ningekupitia kimya, tena ningekuamkia kwa heshima zote."

"Ugonjwa je? Mmeupataje pamoja?"

"Si pamoja. Yeye kaanza jana, mimi leo. Mwulize nesi wako, aliyetangulia ndiye mtoaji. Ni lile tonge. Wali wa matanga umeniponza, nimelamba na vidole juu." Akameza maji ya kijiko. "Mimi sikumpa, kanipa yeye. Kamwulize yeye kapewa na nani. Na hicho kijiko unakizamisha mno, unanipalia."

Ungedhani nilifurahi. Sikufurahi hata kidogo. Mtu ukishamchagua adui wako, ukamzoea, ukalala naye akilini na kuamka naye, halafu mtu akunyang'anye, unabaki umeduwaa. Jioni Marcelina alipita, nikamwuliza, akaniambia Tatu hakukosea. Wote walioanguka Isevya walikuwa matangani, na wote walianguka baada ya Mabruki. Yeye ndiye aliyeuleta. Nikamwendea Mabruki. Safari hii anaweza kukaa, anakunywa uji mwepesi.

"Mabruki, Usoke ulikuwa na nani?"

"Nimeshakwambia. Peke yangu."

"Mtu aliye peke yake anaambukizwa na nani? Na nyundo?"

"Kulu, niache nipone."

Nikamwacha apone.

Jumanne alikuwa na nguvu, akaenda kwenye kibanda chake cha useremala nyuma ya soko. Nilikuwa uani naanika mashuka nikasikia hodi, sauti nyembamba, ya mtu mgeni. Nikasema karibu. Akaingia binti mmoja mwenye kitenge cha vumbi la safari, mtoto mgongoni. Uso mzuri, lakini macho mekundu ya kukesha. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba," nikasema. Mdomo ulijibu wenyewe. Wifi? Sina kaka. Nikafikiri amekosea nyumba.

"Mimi Getruda, wa Usoke. Mke wa Mabruki. Naona hajakwambia bado. Alinikataza nisije, alisema dada yake mkali, nisubiri kwanza aongee na wewe. Nisamehe, wifi. Nimemleta mtoto hospitali, lakini siijui njia, na kwenye treni alianza kulegea. Nikaona niulize kwanza kwa Mabruki seremala, nipite kwa shangazi yake."

Nilikuwa nimeshika kona ya shuka lililolowa. Maji yakawa yananichuruzika mkononi mpaka kwenye kiwiko. Nilifungua mdomo nimwambie. Nilikuwa nayo yale maneno, nilikuwa nimeyabeba siku zote hizo kwa ajili ya Tatu, yako tayari kabisa. Halafu akamshusha mtoto mgongoni.

Alikuwa mvulana, hajatimiza mwaka. Macho yameingia ndani. Alikuwa analia, nikaona analia bila machozi, sauti imekauka. Nikamfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Na masikio, Mungu wangu! Masikio yale yale ya Mabruki yaliyochomoza, ambayo nimeyanyolea nywele pembeni miaka yote kwa wembe wangu mwenyewe.

"Anaitwa nani?"

"Nassibu. Baba yake kampa jina la ami yake."

Jina hilo! Mabruki na mimi tulikuwa tumeliweka. Akizaliwa mvulana, Nassibu, tulisema, usiku wa kwanza kabisa katika nyumba ile ile. Nikamnyang'anya mtoto, nikaketi kwenye kigoda.

"Lete birika ile pale, maji yameshachemka na kupoa. Sukari kwenye kopo, chumvi juu ya kabati. Nawa kwanza! Hapana, usichovye, nitakumiminia." Nikapaza sauti juu ya ukuta. "Tatu! Kama unaweza kusimama, kamwite Marcelina! Mtoto!" Nikasikia ndala zake zinajikokota.

Kijiko. Mtoto akaacha yamwagike. Kijiko kingine. Akatapika. Nikangoja kama nilivyofundishwa, nikaanza tena, na safari hii koo lake likapanda na kushuka. Getruda alikuwa amechuchumaa mbele yangu, analia na kuongea kwa pamoja, kama watu wanavyofanya wakipata wa kuwabebea mzigo.

"Alianza Jumatano ile, wifi, na mimi mwenyewe nilikuwa hoi, siwezi hata kuinuka. Baba Nassibu ndiye aliyemshika. Alimpangusa yeye, alimfulia vitambaa yeye, mtoto anamtapikia kifuani hata haoni kinyaa. Alikuwa anatafuna kiazi kwanza, ndipo amlishe. Hakulala. Isingekuwa kwamba dada yake anamngoja, asingeondoka. Mtoto akaonekana kapoa, jana akaanza upya."

Mabruki! Mabruki ambaye kwangu hajawahi kusuuza hata kikombe alichonywea. Mabruki ambaye nikimwambia mkono wangu umeungua ananiuliza chakula kiko wapi. Kumbe mikono hiyo inajua kufua vitambaa vya mtoto. Inajua kupangusa. Nilikuwa nimetafuta aliyemwambukiza mume wangu, na sasa nilikuwa nimempakata, namnywesha kwa kijiko. Lile tonge la Tatu lilikuwa mchezo, watu walicheka tukaenda nyumbani. Huku hakukuwa na mchezo. Niliona wivu mpaka meno yakaniuma, na kijiko sikukiacha.

Dini imemruhusu wake wanne, najua. Angekuja akaniambia, ningelia, ningevunja vyungu, ningerudi kwa mama yangu Ujiji nikakaa mwezi, halafu ningerudi. Wenzangu wangapi wamerudi! Lakini kunifanya dada yake? Kunifuta kwenye ndoa yangu nikiwa hai, nikiwa ndani ya nyumba, napika? Hilo nani kamruhusu?

Marcelina akafika anahema, Tatu nyuma yake ameshikilia mwimo wa mlango. Getruda akamwambia, "Nesi, wifi amemnywesha, ameanza kumeza." Marcelina akanitazama. Tatu akanitazama. Nikatikisa kichwa, wakanyamaza wote wawili.

"Endelea hivyo hivyo," akasema Marcelina, ameshika kichwa cha mtoto. "Tukimpeleka sasa kwenye jua lile bila kitu tumboni, atatuishia njiani. Apate robo birika kwanza. Ninataka nione mkojo."

Tukaendelea. Jua lilikuwa limesogea mpaka mlangoni mwa jiko nilipohisi ujotojoto mapajani, unapenya khanga, unashuka mpaka miguuni. Mtoto alikuwa amenikojolea.

"Tumshukuru Mungu!" Marcelina akapiga kofi. "Huyo amerudi. Sasa twende naye hospitali, nitampakata mwenyewe."

Getruda akanishika magoti, akalia kwa nguvu, "Asante wifi, asante, Mungu akupe na wewe." Alisema hivyo. Akupe na wewe. Hakuwa na kosa, binti wa watu, alikuwa ameambiwa uongo kama mimi, tofauti ni kwamba wake ulikuwa mtamu.

Ndipo mlango wa uani ukasukumwa. Mabruki, na vumbi la mbao kichwani, amekuja kula. Aliona Getruda, akaona mtoto mapajani mwangu, akaona Tatu amesimama hacheki. Akashika nguzo. Rangi ilimtoka usoni kuliko siku aliyokuwa anatapika.

"Baba Nassibu!" Getruda akainuka, uso umechangamka. "Usinikasirikie kwamba nimekuja. Wifi ametuokolea mtoto!"

Mabruki akanitazama mimi, akamtazama yeye, akanitazama mimi tena. Nikajua anangoja nimwambie. Anangoja kelele zangu, maana kelele zangu amezizoea, angejua pa kuzishikia. Nikainuka taratibu na mtoto wake mikononi, khanga imenilowa mpaka chini.

"Karibu, kaka," nikamwambia. "Kwanza nawa, umpokee mwanao."

Kwa mkono mmoja nikammiminia maji. Alinawa. Alinawa mpaka sabuni ikamwisha viganjani, maji nayo yakaisha kwenye birika, akaendelea kusugua mikono mikavu. Hakuthubutu kuinua uso.